Neno "run" la Kiingereza limenitoa jasho kwenye Kihispania, nyie wenzangu mnalitafsirije?

KalamuButu

Wakuu habari za saa hizi. Najua humu kuna watu wa lugha kwahiyo naleta kilio changu kabla sijaipiga kompyuta ngumi.

Nafanya kazi ndogondogo za sabtaito, filamu ni ya Kiingereza we unaweka maandishi ya Kihispania pale chini. Kihispania nimejifunza mwenyewe kwa vitabu na apu, miaka kadhaa sasa, sijisifii ila naelewana na watu vizuri tu. Juzi nikapewa filamu ya familia, maneno mepesi, mama anagombana na wanae mwanzo mwisho, nikasema hii saa nne nishalala. Nikaimaliza nikaituma. Kesho yake imerudi ina alama nyekundu 31 na katika hizo 19 ni za neno moja tu. "Run".

Mfano mama anamwambia mtoto "your nose is running". Mi na usingizi wangu nikaandika "tu nariz está corriendo". Yaani pua yako inakimbia mbio. Msahihishaji kaandika pembeni "¿Y quién va ganando?", nani anaongoza sasa hivi kwenye hayo mashindano 😩

Ya pili ndo imeniua kabisa. Jamaa anamwambia mkewe "I ran into your boss", maana yake kakutana na bosi wake njiani bila kutegemea, mi nikaweka "corrí dentro de tu jefe". Nimekimbia ndani ya bosi wako. Hapo hajaandika neno, kaweka alama ya kuuliza tu, kubwa.

Sasa swali langu. Hili neno lina maana ngapi, na kuna njia yoyote ya kulishika au ndo unakariri moja moja mpaka kaburini? Karibuni.

kiroboto77

Nariz está corriendo 🤣🤣🤣 mkuu umenifanya nicheke peke yangu kama chizi, watu wananiangalia

Mwl_Jioni

KalamuButu pole sana, ila jifariji, hilo neno limewatoa jasho hata wenye Kiingereza chao. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989 lile la majuzuu 20, kitenzi kilichokuwa kinaongoza kwa wingi wa maana kilikuwa "set", maana 430. Waliporudi kuandika upya toleo jipya "run" ikaipita kwa mbali, mwaka 2011 ikatangazwa kwamba maana za "run" kama kitenzi peke yake zimefika 645. Mhariri aliyeishughulikia anaitwa Peter Gilliver na alikaa na hicho kitenzi kimoja kama miezi 9 hivi. Mimba nzima. Kwahiyo we kukosea 19 kwa usiku mmoja umejitahidi.

Kwanini ikawa nyingi hivyo? Sababu kubwa ni mashine. Zamani vilivyokuwa "vinakimbia" ni watu, wanyama na maji. Ikaja mitambo ya mvuke, treni, injini, umeme, baadae kompyuta, na kila kifaa kilichozaliwa Waingereza wakakipa kitenzi kilekile. Kiwanda kina-run, saa ina-run, basi lina-run, programu ina-run. Wahispania wao walipoona mashine wakaenda kuchukua neno lingine kabisa, "funcionar". "El motor no funciona", injini haifanyi kazi. Ukisema "el motor no corre" atakuelewa kwa huruma tu.

Kukariri hautaweza. Ukikutana na "run" usiiangalie yenyewe, angalia jirani zake, nani ana-run na ana-run nini. Ikiwa ni mtu na miguu yake, "correr", umemaliza. Mashine, "funcionar". Mashine na chakula chake, mfano ina-run kwa betri, "funciona con pilas". Mtu na kampuni, "dirigir". Mtu na kaduka kadogo anakosimamia mwenyewe, "llevar", yaani "lleva una tienda", na hiyo "llevar" ndo ileile ya kubeba, kalibeba duka lake. Basi linapita kila dakika 20, "pasa cada veinte minutos". Filamu ina urefu wa saa mbili, "dura dos horas". Gazeti limetoa habari, "publicó". Mtu ana homa, Kiingereza ana-run homa, Kihispania anayo tu, "tiene fiebre".

KalamuButu

Shikamoo mwalimu, asante sana. Hiyo ya "llevar" sikuijua kabisa nilikuwa naweka "dirigir" kila mahali, kumbe nilikuwa nampa mwenye kibanda cheo cha mkurugenzi mtendaji 😂

Mwl_Jioni

Marahaba. Ndo hivyo, na pua tusiisahau, ni "te gotea la nariz", inadondosha matone, au "te moquea la nariz" kutoka "moco" ambayo ni kamasi. Mama na mtoto wake mi ningeweka tu "tienes mocos", una makamasi, maana mama aliyekasirika haongei kwa kirefu.

Fundi_Msimbo

Naingia kwenye kompyuta maana ndo mitaa yangu. Mwalimu kasema "funcionar", sawa kwa mashine kwa ujumla, ila programu ukiiendesha wewe mwenyewe, ukabonyeza kitufe, kitabuni ni "ejecutar". Hata Windows ya Kihispania lile dirisha la "Run" limeandikwa "Ejecutar". Lakini nenda ukae na waandika programu wa Amerika ya Kilatini utasikia "corre el programa", "ya lo corrí tres veces", wanaongea hivyo siku nzima. Kwahiyo mtu akisema "correr" kwenye programu ni kosa mi nakataa, inategemea unaongea na nani na unaandika wapi. Kwenye menyu weka "ejecutar", kwenye gumzo la kazini "correr" hakuna anaeshtuka.

Pepo_ya_Sarufi

Fundi umeanza vizuri ukamaliza vibaya. Kwamba watu wanasema haimaanishi ni Kihispania kizuri, hiyo ni Kiingereza imevaa kofia ya Kihispania. Ukiruhusu programu "corra" kesho utaruhusu na "correr para alcalde", na huko kwa wanaoongea Kihispania ndani ya Marekani wameshafika, mtu anagombea umeya wanasema "corre para alcalde" wakati neno lipo, Uhispania wanasema "se presenta a alcalde", Amerika ya Kilatini "se postula para alcalde". Mgombea anakimbia anaenda wapi?

Fundi_Msimbo

Mkuu mbona unakuja juu, nimesema INATEGEMEA. Halafu hiyo "ejecutar" unayoipigania ndo hiyohiyo ya kumnyonga mfungwa. Kila asubuhi nanyonga programu 40 na hakuna anayenipeleka mahakamani

kiroboto77

🍿

Dada_Vitenzi

Nyie mmekazana na kompyuta, mnasahau kitu ambacho mwenye uzi akikikosea hatapewa kazi tena. Naomba wadogo wafumbe macho.

Vipodozi. Filamuni mwanamke analia, wanja unachuruzika mashavuni, Kiingereza "my mascara is running". Kihispania hapo ni kweli unatumia "correr", ila ile ya kujirudia, "se me corrió el rímel". Safi kabisa, kila nchi wanakuelewa. Sasa angalia mpangilio, kinachochuruzika ni "el rímel" na mimi nipo pale katikati kama "me", yule niliyepatwa. Ole wako uchanganye useme "me corrí". Ukiwa Uhispania umetangaza mbele za watu jambo la chumbani. Nilishasema mimi, darasani mtandaoni, mwanafunzi peke yangu wa kike, nilitaka kusema nimesogea kidogo kwenye kamera maana "correte" nilikuwa nimeisikia kwa Waajentina ikiwa na maana ya sogea. Mwalimu wetu alikuwa wa Madrid. Alizima kamera yake dakika nzima, tukawa tunaona duara jeusi tu, akarudi macho mekundu akasema tuendelee na zoezi la tatu.

kiroboto77

NIMEKUFA 💀 dada pole lakini nimekufa

KalamuButu

Dada umeniokoa, ile filamu ina wanja unachuruzika dakika ya 52 na niliandika "me corrió"... ngoja nikaangalie vizuri.

Nimerudi. Niliandika "me corrió el rímel" bila "se". Kumbe wanja ndo ulinifukuza mimi 😭

Dada_Vitenzi

Hahaha na hapo umegusa kitu kingine bila kujua. Meksiko "me corrieron" maana yake wamenifukuza, "me corrieron del trabajo", wamenifukuza kazi. Na sisi tunasema hivyohivyo, kufukuza, kitenzi cha kumkimbiza mtu ndo tunachotumia kwa kazi. Waingereza hapo wanamchoma moto, "fire". Kwahiyo Mmeksiko na sisi tumekutana bila kupitia kwa Mwingereza.

mzee_wa_nahau

Nimesoma uzi wote kimyakimya, hii post ya Dada_Vitenzi ndo imenitoa pangoni, maana amesema kwa bahati kitu ambacho ndo jibu lenyewe.

KalamuButu shida yako siyo Kihispania wala siyo Kiingereza. Shida yako ni dalali. Umejifunza Kihispania kwa vitabu vya Kiingereza, kwahiyo kila kitu unachotaka kusema unakipeleka kwanza kwa Kiingereza halafu ndo kiende Kihispania, na dalali huyu kazi yake ni kuchanganya mzigo. Vitu kumi tofauti anavifunga gunia moja anaandika juu "run". We unabaki na gunia unahangaika kufungua. Lakini ulipokuwa unausikia kwa Kiswahili mzigo haukuwa umechanganyika!

Jaribu hivi. Chukua sentensi ya Kiingereza, kabla hujagusa Kihispania iseme kwanza kwa Kiswahili cha kawaida kabisa kama unamsimulia mtu. Gari limemgonga mbwa. Ona, "kugonga", wala hukuwaza kukimbia. Kihispania "atropellar", "atropelló a un perro". Mtoto ametoroka nyumbani, "se fugó de casa". Nguo imechuja rangi, "destiñó". Anagombea, hiyo Pepo ameshaisema. Tumegonga mti, "chocamos contra un árbol". Dereva kapita taa nyekundu, Uhispania "se saltó el semáforo", kairuka, Meksiko "se pasó el alto". Nimekutana na bosi wako, "me encontré con tu jefe". Kila mara Kiswahili kimeshakutenganishia mzigo, kazi yako ni kwenda kutafuta mwenzake tu upande wa pili.

Sasa ile tamu nimeiweka mwisho. "We ran out of money". Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza atasema "nos quedamos sin dinero", tumebaki bila hela, sahihi kabisa hana kosa. Lakini Mhispania mwenyewe mara nyingi utamsikia "se nos acabó el dinero". Kitabu cha Kiingereza hapa kinatumia kurasa tatu kueleza hiyo "se" na hiyo "nos", wanaita sijui "se" ya ajali, wanafunzi wanalia. Mswahili hana haja ya hizo kurasa. Hela IMETUISHIA. Basi. Kilichoisha ni hela, na sisi ndo imetuishia. "Se me perdieron las llaves", funguo zimenipotea. "Se me cayó", limenidondoka. "Se me rompió el vaso", glasi imenivunjikia, yaani sijaivunja mimi jamani, mniachie. "Se me olvidó el nombre", jina limenitoka. Ni akili ileile, kitu kinatokea chenyewe na mimi nimesimama pembeni nikiumia. Na "se me corrió el rímel" ya Dada nayo ni hiyohiyo, wanja umenichuruzikia.

Miaka mingi nimewaona Waswahili wanaumwa kichwa na sarufi ambayo wanayo mdomoni tangu wana miaka miwili, kisa wameipokea kwa mkono wa mtu mwingine.

Mwl_Jioni

Mzee hii "zimenipotea" nimefundisha Kihispania miaka yote sijawahi kuiona!!! Nimekuwa nachora mishale ubaoni. Kesho naibadilisha.

KalamuButu

Imetuishia... se nos acabó. Aisee. AISEE.

Nimekaa hapa nimenyamaza kama dakika tano najaribu nyingine. Chaji imeniishia. "Se me acabó la batería". Inakaa!

Pepo_ya_Sarufi

Mzee wa nahau heshima yako, ya "se" nimekuvulia kofia. Ila hiyo nadharia ya dalali usiipandishe cheo kupita kiasi. Kiswahili nacho kinafunga magunia yake. Chukua hiyohiyo "kuendesha". Naendesha gari, naendesha kampuni, naendesha kikao, naendesha programu. Ukimfuata Kiswahili wako utaweka kitenzi kimoja, wakati Kihispania gari ni "conducir" Uhispania na "manejar" Amerika ya Kilatini, kampuni "dirigir", kikao "presidir" au "moderar" kutegemea unakaa kiti gani, programu "ejecutar" (Fundi nimekusamehe). Gunia hilo ni letu wenyewe hatukuazima kwa mtu.

Na "piga" je? Piga simu, piga picha, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga chafya, piga magoti. Mgeni anayejifunza Kiswahili si ataona tunapigana na dunia nzima? Wahispania nao wana gunia lao linaitwa "echar", yaani kutupa. Kulala kidogo mchana "echar una siesta", kumkumbuka mtu aliye mbali "echar de menos", kutia mafuta "echar gasolina", na ukichomoka mbio ghafla ni "echar a correr", yaani wamekitupa kitenzi mbele ya kitenzi.

mzee_wa_nahau

Pepo umenena, sibishi. Ndo maana nikasema iseme kama unamsimulia mtu, sikusema tafuta neno moja la Kiswahili. Ukisimulia utasema "mi ndo nasimamia lile duka", hutasema naendesha. Lakini gunia la "kuendesha" nimelipokea, kweli lipo.

Na nikuongezee silaha ya kunipigia. Mkimbiaji na mkimbizi. Kitenzi kimoja, kukimbia, huyu ni "corredor" yule ni "refugiado", na aliyekimbia polisi ni "prófugo". Mtu akifuata Kiswahili kichwakichwa atawaweka wote watatu kwenye mstari mmoja wa mbio.

Dada_Vitenzi

Mi naomba turudi upande wa nomino, maana "run" siyo kitenzi tu. Soksi zile ndefu nyepesi za kike zikifumuka uzi ukapanda mguu mzima Kiingereza ni "run", na Kihispania hapo wanakubaliana na Mwingereza, ni "carrera", mbio! Ila "carrera" hiyohiyo ni fani ya mtu, na ni masomo ya chuo kikuu, "¿qué carrera estudias?", unasomea nini. Kwahiyo msichana akikwambia "tengo una carrera" angalia miguu yake kwanza kabla hujampongeza kwa digrii.

kiroboto77

Nikiangalia miguu si ndo nitapigwa kofi

Dada_Vitenzi

Basi mpongeze tu 😂

Fundi_Msimbo

Kwenye besiboli pia "run" ni "carrera", mchezaji akizunguka vituo vyote akarudi nyumbani wamepata "carrera". Ila "home run" hawakuitafsiri, waliichukua wakaivalisha, "jonrón", na imo kwenye kamusi ya Akademia ya Kihispania. Pepo usizimie. Neno lingine ni "cuadrangular" ila nenda Kuba, Venezuela au Jamhuri ya Dominika uone mechi, watu wanapiga kelele "¡jonrón!", nani ana muda wa silabi zote zile mpira uko juu.

Pepo_ya_Sarufi

Jonrón sina ugomvi nayo. Imeshakaa kimatamshi, ina wingi wake, "jonrones", imepata uraia. Kinachonikera ni neno la Kihispania kuibiwa maana likaachiwa sura.

KalamuButu

Jamani naomba niwasumbue tena nimebakiza nne ambazo hata Kiswahili chake sipati vizuri. Moja, baba ana upara, anamwambia mwanae "it runs in the family". Mbili, "I have to run some errands". Tatu, "in the long run". Nne mama anasema "I'll run you a bath", hii nilitafsiri ki-"correr" hata sitaki kuwaambia nilichoandika.

Mwl_Jioni

Upara ni "es de familia" au "nos viene de familia", unatutokea kwenye ukoo. Mbili ni shughuli ndogondogo za kutumwa mjini, hapo chagua nchi yako mapema, Uhispania "tengo que hacer unos recados", Amerika ya Kilatini utasikia sana "mandados", Kolombia na Venezuela "diligencias". Tatu "a la larga", au "a largo plazo" ikiwa ni mambo ya mipango na hela. Ya kuoga ni "te preparo el baño", nakuandalia maji, lakini ukitaka kuonyesha bomba linafunguliwa jiandae tena maana bomba Uhispania ni "grifo", Meksiko "llave", Ajentina "canilla". Filamu yako inaenda soko gani?

KalamuButu

Mkataba umeandika Kihispania cha Amerika ya Kilatini, cha kueleweka kote. Ndo maana naogopa kuchagua.

Mwl_Jioni

Basi "te preparo el baño" inatosha, bomba liache lifunguke lenyewe. "Mandados" iweke, itapita. "Semáforo" ya mzee ikitokea usiweke "el alto" ni ya Meksiko sana, weka "se pasó la luz roja".

Dada_Vitenzi

Na kabla hujaogopa "correr" kabisa ukaikimbia jumla, ujue nayo ina mambo yake ambayo Kiingereza hakina. "Corre la cortina" ni vuta pazia. "Corre la silla", sogeza kiti. "Corre la voz", eneza habari. Na nzuri kuliko zote, mnapomaliza kula bili ikaja mtu akasema "esto corre de mi cuenta", tulia kabisa, usikimbie popote, kasema analipa yeye.

kiroboto77

Hii ndo Kihispania ya kwanza nimeishika. Esto corre de TU cuenta. Nimepatia?

Dada_Vitenzi

Sarufi umepatia. Tabia ndo tatizo.

mzee_wa_nahau

Hapo mfano mzuri wa neno kukaa karibu na lilikotoka. "Correr" ni ya Kilatini, "currere", na humo ndo imetoka "corriente", ya mkondo wa maji, ya umeme, na ya kitu cha kawaida tu kinachopita kila siku. Mtu asiye na ajabu ni "común y corriente". Na Waingereza kwa maana hiyohiyo wana msemo wao una "run" ndani, "run of the mill", kinachotoka kinuni hivyohivyo bila kuchaguliwa. Mbio za Kigermaniki, ukoo wa lugha ulikotoka Kiingereza, na mbio za Kilatini zimefika kituo kimoja kila mmoja na njia yake. Ukilikuta kwenye filamu weka "común y corriente" moja kwa moja, utaonekana umezaliwa nayo.

KalamuButu

Wakuu mrejesho.

Nimekaa nayo usiku huu nimepitia zote 19 kwa njia ya mzee, nasema kwanza kwa sauti kwa Kiswahili kama nasimulia, ndo naandika. 16 zimekaa bila kufungua kamusi. Mbili nilifungua. Na kule kwenye mistari mipaka ni herufi 42 nikagundua zinakaa bila shida, "me encontré con tu jefe" inabaki nafasi kubwa tu, na kile kituko changu cha kuingia ndani ya bosi kilikuwa na urefu uleule ila hakina maana.

Wanja: "se me corrió el rímel". Nimeikagua mara nne. Hiyo "se" nimeitazama mpaka ikanitazama.

Nimetuma asubuhi, imerudi mchana. Alama nyekundu moja. Ni ya 19, kuna mstari mtoto anamuuliza baba "can I run something by you?", nilichoka nikaandika "¿puedo correr algo junto a ti?". Msahihishaji kaandika "Ibas tan bien". Ulikuwa unaenda vizuri sana.

mzee_wa_nahau

Hukusimulia kwanza hiyo. Mtoto anasema nini?

KalamuButu

Anasema... baba kuna kitu nataka ushauri wako.

mzee_wa_nahau

Haya.

KalamuButu

"¿Te puedo consultar algo?"

kiroboto77

Herufi 25 mkuu nimehesabu na alama zake na nafasi, nafasi imebaki ya kutosha